Waliovuka Bila Kuandikwa: Kumsaka Babu wa Ireland Aliyezikwa Uingereza

Mtu wa Boston au New York anayemtafuta babu yake wa Ireland ana pa kuanzia. Tangu 1820, nahodha aliyeingia bandari ya Marekani alitakiwa kukabidhi orodha ya abiria wake, na orodha hizo zimetunzwa kwa wingi. Mtu wa Liverpool au Manchester, ambaye babu yake alivuka bahari ya usiku mmoja tu, hana orodha ya kufungua. Haikuungua wala haikuliwa na mchwa. Hakuna aliyeiandika.

Sababu ni sheria. Januari 1, 1801, Ireland iliunganishwa na Uingereza ikawa dola moja yenye bunge moja mjini London. Aliyepanda meli Dublin akashuka Liverpool alihesabiwa kuwa amesafiri ndani ya nchi yake, na bandarini hakukuwa na afisa mwenye daftari aliyemngoja.

Na waliovuka hawakuwa haba. Kabla hata ya njaa kuu, vibarua wa Mayo na Donegal walikuwa wakija kila kiangazi kuvuna, kisha wanarudi na fedha ya kulipia kodi ya shamba. Wengine walichimba mifereji na kulaza reli. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa viazi ulioleta njaa hiyo, uleule ambao wakulima wa viazi mviringo wa Njombe na Mbeya wanauita bakajani chelewa. Sensa ya 1841 ilikuwa imehesabu zaidi ya watu milioni nane kisiwani. Kufikia 1852, takriban milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni wamehama, huku nafaka na mifugo ya Ireland ikiendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza.

Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1847. Mwaka huo karibu watu 300,000 walishuka Liverpool wakitoka Ireland, idadi inayolingana na wakazi wote wa mji huo miaka sita nyuma. Wengi waliunganisha safari ya Marekani. Waliokosa nauli walibaki palepale. Walikuwa wamesafiri sitahani, bega kwa bega na ng'ombe na nguruwe, na kwa kawaida mifugo ndiyo iliyopewa nafasi nzuri, kwa kuwa ilikuwa na bei. Desemba 1848 stima Londonderry ilitoka Sligo kuelekea Liverpool, ikakumbwa na dhoruba. Abiria wakasukumiwa chumba cha chini na mlango ukafungwa. Ilipotia nanga Derry, maiti 72 zilitolewa humo, watu waliokufa kwa kukosa hewa. Baraza la uchunguzi wa vifo likawatwika nahodha na wasaidizi wake wawili kosa la kuua bila kukusudia.

Anayefanya kazi ya kusaka nasaba hizi hugundua mapema kwamba fukara huandikwa pale anapoanza kumgharimu mtu. Walipa kodi wa Liverpool walilalamika, na mwaka huohuo wa 1847 sheria ikarahisisha kuwarudisha Wairishi kwao. Takriban 15,000 walirudishwa kutoka mji huo peke yake. Kabla ya kupakiwa, mtu alihojiwa: jina lake, la mkewe, umri wa watoto, alikozaliwa. Karatasi iliyoandikwa ili kumfukuza ndiyo leo, pale iliponusurika, inayomtajia kitukuu wake kijiji.

Kwa hiyo mwenye akili haanzi Ireland. Anaanza Uingereza na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Usajili wa serikali ulianza huko Julai 1, 1837, na cheti cha ndoa kinataja jina na kazi ya baba wa kila upande. Cheti cha kuzaliwa kinataja jina la ukoo wa mama. Sensa ya 1841 inakera: mbele ya Mwairishi karani aliweka herufi I, basi. Kuanzia 1851 aliulizwa mahali alipozaliwa, ila makarani wengi waliandika "Ireland" wakagonga mlango wa pili. Dawa yake ni kumfuata mtu huyo sensa baada ya sensa, maana huenda mmoja wa makarani alijisumbua kuandika kaunti, au hata parokia. Nduguze, majirani na mashahidi wa ndoa nao wafuatwe, kwa kuwa watu walihama kwa vikundi vya kijiji kimoja.

Daftari za parokia za Kikatoliki mara nyingine husema zaidi ya serikali. Ziliandikwa kwa Kilatini, hivyo James anageuka Jacobus na William anakuwa Gulielmus, lakini wapo mapadre walioongeza kwao kwa wazazi wa bwana na bibi harusi. Mapadre hao waliishi karibu na watu wao mno: mwaka 1847 kumi kati yao walikufa Liverpool kwa homa inayoenezwa na chawa, waliyoipata wakihudumia wagonjwa. Jina la ukoo lisishikiliwe kwa ugumu. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, na mwenye jina, asiyejua kusoma, akaweka alama ya X chini yake. O'Reilly, Reilly na Riley wanaweza kuwa mtu yuleyule katika sensa tatu.

Aliyekuwa na babu askari ana bahati. Mwaka 1830 takriban asilimia 42 ya jeshi la Uingereza walikuwa Wairishi, na nyaraka zao za kustaafu zilizoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London, hutaja parokia ya kuzaliwa, kimo, hata rangi ya macho.

Masimulizi ya familia nayo yapimwe. James Larkin, kiongozi maarufu wa wafanyakazi wa Dublin, alijieleza kuwa mzaliwa wa kaunti ya Down. Nyaraka zinaonyesha alizaliwa Liverpool mwaka 1874, kwa wazazi wa Ireland.

Ukishapata jina la mahali, ndipo uvuke. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila kitongoji au walau parokia, John Murphy mmoja hatofautiani na mwingine. Huko nako kuna pengo. Juni 30, 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua, na mabaki ya sensa za 1821 hadi 1851 yakapeperuka juu ya jiji yakiwa majivu. Sensa za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeziteketeza. Zilizosalia kamili ni za 1901 na 1911. Daftari nyingi za ubatizo za Kikatoliki zilipona kwa kuwa zilikaa parokiani. Tangu 2015 picha zake zinasomwa bure kwenye intaneti. Upo pia uthamini wa ardhi wa Richard Griffith, wa 1847 hadi 1864, unaomtaja mpangaji wa kila shamba.

Kisha kuna kisa cha pensheni, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Kuanzia Januari 1909 wazee wa miaka 70 walianza kulipwa hadi shilingi tano kwa wiki. Usajili wa vizazi Ireland ulikuwa umeanza 1864 tu, hivyo wazee hawakuwa na vyeti. Kama wazee wetu waliojua umri wao kwa vita au njaa, wengi walieleza kwamba walikuwa hai usiku wa Upepo Mkubwa wa Januari 6, 1839. Wengine waliomba majina yao yatafutwe katika sensa za 1841 na 1851, na fomu za maombi hayo zipo hadi leo, zikitaja wazazi na kitongoji kutoka vitabu ambavyo baadaye viliungua. Dada aliyebaki nyumbani akaomba pensheni anaweza kumfichua kaka aliyevuka.

Miaka ya 1950 watu zaidi ya 400,000 waliihama Ireland, wengi wakielekea Uingereza kwa meli hadi bandari ya Holyhead, kisha treni hadi stesheni ya Euston, London. Ireland ilikuwa imekwisha kuwa jamhuri, lakini sheria ya Uingereza ya 1949 ilitamka kwamba si nchi ya kigeni, kwa hiyo hawa nao walipita bila kuandikishwa kama wahamiaji. Tangu kura ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, wajukuu wao wamekuwa wakimiminika kuomba uraia wa Ireland, na kwao kazi ni nyepesi: babu au bibi mmoja aliyezaliwa kisiwani anatosha, na cheti chake kimo katika usajili ulioanza 1864. Vizazi vya wale wa 1847 hutafuta kwa miaka, na hata wakikipata kitongoji chenyewe, kitongoji hicho peke yake hakiwapi pasi.