Kamera ya Mkanda Usiouzwa Tena

Wakati wa kuandaa toleo hili la kumbukumbu, Kamati ilipewa kamera ya sanduku, Kodak Brownie, inayotumia mkanda wa namba 620. Wengi walicheka. Mkanda wake utatoka wapi? Ni swali la haki, maana Kodak walianza kuutengeneza mwaka 1931 wakaacha 1995. Lakini kabla ya kulijibu, twende kwanza Port Bell.

Bandari hiyo ya Kampala, upande wa Luzira, ilipewa jina la Sir Henry Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza tangu 1906 hadi 1909. (Siku hizi wengi wanalijua jina hilo kwa chupa ya bia tu.) Bell alikuwa mpenda kamera, na picha zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipofika, ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa. Akaamuru wakazi wahamishwe maili mbili kutoka ufukoni, mbali na mbung'o. Wakaacha nyumba na mashamba. Bandari ilijengwa miaka hiyohiyo. Aliyeshika kamera ndiye aliyetoa amri. Waliohamishwa hawakuwa na kamera.

Mashariki ya Port Bell, kwenye ziwa hilohilo, kuna Koja. Kuanzia 1942 Uganda ilipokea wakimbizi wapatao 7,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, wakakaa Koja na Nyabyeya karibu na Masindi. Makaburi yao yapo. Zipo na picha: watoto darasani, watu kanisani, familia mbele ya nyumba za nyasi. Jamaa zao wanazitunza hadi leo.

Sasa jibu. Mkanda wa 120, ulioanza 1901, bado unatengenezwa, na upana wake ni sawa na wa 620. Kinachotofautiana ni kijiti cha kuviringia: cha 620 ni chembamba, na visahani vya ncha zake ni vidogo. Basi mkanda huhamishwa kwa mkono gizani, kwanza kwenye kijiti cha akiba, kisha kwenye cha 620. Filamu imegundishwa kwenye karatasi yake upande mmoja tu. Ikivimba hapo, ibandue uilaze upya. Sisi tulifanya usiku, mikono ndani ya blanketi mbili. Mkanda wa kwanza uliharibiwa na tochi ya mtoto aliyekuja kuuliza tunatafuta nini. Wa pili ulikubali.

Kamera hii hutoa picha 8 kwa mkanda. Tuliwapiga wazee 8 waliofika hapa wa kwanza, kila mmoja mlangoni pake, na kila mmoja ameandika jina lake nyuma ya picha, au ameweka dole gumba. Anayesafisha mikanda aliombwa arudishe kijiti, naye alikirudisha. Mwenye kijiti kingine cha 620 nyumbani tunamwomba akilete ofisi ya Kamati.