Gundi ya Nyama na Mtindi: Tuijue Kabla ya Kuila

Vyakula vingi tunavyonunua Mombasa, Malindi na Lamu vyatoka bara. Nikipita Ruiru naona kiwanda cha maziwa cha Brookside. Nikifika Thika, mananasi ya mikebe ya Del Monte. Hao siwanyooshei kidole, ila safari hiyo hunikumbusha kuwa chakula cha kiwandani huweza kuwa na wasaidizi wasioonekana. Mmoja wao ni transglutaminasi.

Hiki ni kimeng'enya. Mwaka 1989 watafiti wa Japani walieleza namna ya kukipata kwa bakteria wa udongo, Streptomyces mobaraensis, na baadaye viwanda vya nchi nyingi vikaanza kukitumia. Kazi yake ni kufunga protini moja na nyingine. Mtindi huwa mzito bila kuongezwa unga wa maziwa, wala hautoi maji mengi juu. Soseji hushikana. Vipande vidogo vya nyama au samaki huwa pande moja.

Hapo pana mambo mawili. Kwanza afya: vijidudu vilivyokuwa nje ya kipande sasa viko ndani, kwa hivyo nyama hiyo ipikwe hadi iive katikati. Pili halali: kimeng'enya hiki chatokana na bakteria, lakini gundi nyingine ya nyama, thrombini, hutolewa katika damu ya ng'ombe au nguruwe. Bunge la Ulaya liliikataa mwaka 2010.

Basi ndugu zangu, tusome maandishi ya pakiti, na muuzaji tumuulize: hili ni pande moja, au vipande vilivyounganishwa?