Kabla ya Kuuliza Bei, Tuulize Mizani Ni ya Nani

Wanunuzi wa kahawa maalumu wa Ulaya na Marekani siku hizi hujivunia kwamba wamemruka dalali na kuingia ubia wa moja kwa moja na mkulima mdogo wa Mbinga au Kilimanjaro. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini sisi wa Shinyanga tusifanye hivyo kwa pamba. Swali ni jema, ila limeisahau historia. Mkulima wa Kanda ya Ziwa alikwisha kumruka dalali miaka 70 iliyopita.

Nilikulia Mhunze, wilayani Kishapu, ambako pamba ndiyo iliyotulipia ada. Nilijifunza mapema kwamba mkulima akifika kituoni haangalii kwanza bei, kwani bei anaijua. Huangalia mshale wa mizani.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Bei ya pamba ilipangwa na serikali ya kikoloni, hivyo dhuluma haikupitia kwenye bei. Ilipitia kwenye mizani ya mfanyabiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, wahakiki uzito kabla ya mzigo kupokelewa. Kutokana na madai hayo madogo, wakiongozwa na Paul Bomani, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Shirikisho hilo likamiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba, kuanzia kile cha Kasamwa, Geita. Kufikia Uhuru, karibu pamba yote ya kanda ilipita mikononi mwake.

Kisha mizani ikahama. Ilitoka kwa mfanyabiashara ikaenda kwa karani wa chama, na manung'uniko ya wakulima yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1976 vyama hivyo vikafutwa, na mamlaka ya zao ikanunua pamba kupitia vijiji. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na wakati huohuo jirani zetu wa Meatu wakaanza kulima pamba hai kwa mkataba na kampuni ya Uswisi. Leo tumerudi kwenye chama cha msingi, AMCOS.

Katika mizunguko yote hiyo tulibishana juu ya nani anunue. Ni mara chache tuliuliza nani apime, nani aamue kwamba pamba hii ni safi na ile ni fifi, na nani aruhusiwe kufungua daftari la makato. Wapimaji wale wa miaka ya 1950 walielewa jambo ambalo wasomi tumelisahau: ubia huanza pale mnyonge anapokuwa na haki ya kuhakiki hesabu ya mwenye nguvu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio katika halmashauri na mashirika, akija mbia wa moja kwa moja, awe wa kahawa, pamba au dengu, mkaribisheni. Lakini kabla hamjasaini, mwulizeni kama mkulima ataruhusiwa kuja na mpimaji wake. Akisita, ujueni kwamba huyo ni dalali yuleyule, amebadili koti tu.