Hongo ya ziwa: mgeni analipa, mwenye pwani anabaki na nini?

Juzi mmoja wetu aliuliza kwenye kikundi: juu ya nini Kalemie haiko mji wa utalii, na ziwa lote hili? Wengi walijibu barabara, umeme, usalama. Kweli. Lakini mimi nataka turudi nyuma, mpaka kwa neno moja: hongo.

Leo ukisema hongo upande wa Kigoma, mtu anaelewa rushwa, ile sisi tunaita matabishi. Zamani haikuwa vile. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya wazi, msafara ulitoa kwa mtawala wa nchi uliyopita: vitambaa vilivyohesabiwa kwa doti, shanga, waya. Mlipatana bei, mara nyingi kwa siku kadhaa na kwa kelele, kisha njia inafunguliwa.

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, mtawala wa pale, Kannena, aliona mapema kwamba wanahitaji mitumbwi na wapiga kasia wake. Akapandisha bei. Burton alimwandika vibaya sana. Mimi nikisoma naona tu mwenye mitumbwi anayejua thamani ya mitumbwi.

Mwezi Machi Speke alivuka kuja upande wetu, mpaka kisiwa cha Kasenge, pwani ya Waholoholo, ambao vitabu vya wazungu vinawaita Waguha. Alitafuta kukodi jahazi ya Mwarabu mmoja, Hamed bin Sulayyim. Njiani mdudu aliingia sikioni mwake, akajichokoa na kisu. Alirudi bila jahazi na sikio bovu. (Hakuna mtalii aliyelipa vibaya kama yule.) Livingstone alivuka huku 1869, Cameron 1874, yeye aliyeona Lukuga inatoka ziwani.

Sasa hapa ndipo agronome ndani yangu anaamka. Msafara wa watu mamia haubebi chakula cha safari nzima, unanunua njiani. Mpagazi anapewa posho kwa kitambaa au shanga, anakwenda kutafuta mwenyewe. Sokoni Ujiji shanga fulani, sofi, zilifanya kazi ya feza. Kwa hiyo mama mwenye mihogo na mafuta ya mawese alipata kitu moja kwa moja, bila kupita kwa mukubwa. Lakini watu mia tatu wakitua kwako mwezi wa njaa, wanakula pia mbegu yako. Na tusidanganyane: njia ileile, hongo ileile, ilipitisha pembe na watumwa waliovushwa kwenda Ujiji. Mtawala alipokea kitambaa chake akanyamaza. Siandiki hapa kusifu hongo.

Ninachotaka muone ni jambo la Stanley. Mwaka 1871, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita Uha. Alilipa mtawala wa kwanza, akalipa wa pili, akaambiwa mbele kuna wengine bado. Akafanya nini? Akatoroka usiku porini na msafara wake wote. Wale wa mbele hawakupata hata ushanga mmoja.

Mwaka jana nilitoka Moba na boti. Tiketi nimelipa. Kushuka bichi, jetoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, na huyu wa tatu hana hata karatasi. Nyuma yangu mama mwenye beseni la ndakala alilipa kama mimi, na yeye si mgeni, ziwa ni lake. Nikakumbuka Stanley. Ila sisi hatuna pori la kutorokea.

Kati ya Kannena na jetoni kuna ukoloni. Kituo cha Albertville kilianzishwa 1891, reli ya Wajerumani ikafika Kigoma 1914, na ya kwetu kutoka Kabalo ikafika ziwani 1915. Tangu hapo mgeni ananunua tiketi kwenye dirisha la kampuni. Hana tena cha kupatana na mwenye pwani. Mwenye pwani ndiye akaanza kulipa, kodi ya kichwa.

Njia hiyo haijabadilika sana. Mwaka 2009 wapanda ndege walianza kulipishwa Go-Pass, wakati ule dola 10 kwa safari ya ndani, 50 kwa kwenda inje. Ilikusanywa kwa ajili ya viwanja vya ndege, sawa. Lakini wageni wa Kalemie wengi ni watu wa ONG. Wanapangisha nyumba kwa dola, na mwalimu anayelipwa faranga anasukumwa kwenda mbali, au chini karibu na maji. Na maji tuliyaona 2021, tukayaona tena 2024, yakiingia nyumbani.

Rwanda, najua jina hilo linatuchoma, lakini hesabu ni hesabu: kuanzia 2005 asilimia 5 ya mapato ya hifadhi zao za wanyama ilikwenda kwa vijiji vya jirani, na 2017 ikawa 10. Imeandikwa, mwanakijiji anaweza kuuliza.

Kati yetu kuna wanaofanya kazi kwenye ofisi za jimbo. Nawaomba mkutano ujao mlete orodha ya taksi za kuingia na kutoka bichi, na viwango vyake. Tuisome pamoja, mstari kwa mstari, kisha tuibandike pale boti zinaposhukia, na yule mama wa ndakala asomewe bei yake kabla hajafungua kitambaa chake cha feza.