Upinde wa Kwanza

Kijana anayetaka kujifunza kuwinda huuliza: Nichague upinde gani? Swali hili ni la zamani katika nchi yetu, toka Kalemie mpaka ng'ambo ya Lualaba. Yafaa tuwasikilize kwanza wazee.

Waluba husimulia habari za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki akafika kwa Nkongolo Mwamba, mtawala mkali. Mbidi alioa huko, akazaa mwana, Kalala Ilunga. Mwana huyo alimshinda Nkongolo, akashika utawala. Hivyo wafalme wa Waluba walihesabu ukoo wao kutoka kwa mwindaji, na upinde ukawa alama ya enzi. Walichongewa vishikio vya miti vyenye panda tatu, vingi vyenye sura ya mwanamke, vya kuwekea upinde na mishale. Vishikio hivyo havikutolewa nje kuonyeshwa watu wote. Viliwekwa ndani, vikatunzwa kwa heshima. Tuliangalie neno hili: upinde wenye heshima kuu ulikuwa ule uliotulia mahali pake.

Upinde wa wazee ni mti na uzi tu. Kadiri uuvutavyo, ndivyo uzidivyo kuwa mzito, na mwisho wa kuvuta mkono hubeba uzito wote. Ndiyo sababu mtoto hupewa upinde wa mtoto.

Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliomba hati ya uvumbuzi kwa upinde wa namna nyingine, akaipata mwaka 1969. Kwenye ncha zake alitia magurudumu ambayo mhimili wake hauko katikati, na nyuzi zapita juu yake. Mwanzoni upinde huu ni mzito. Magurudumu yakigeuka, uzito hupungua. Upinde wa kilo 25 ukipunguza sehemu 80 kwa 100, mkono hushika kilo 5 tu. Basi mwindaji hupata nafasi ya kulenga bila kutetemeka.

Lakini magurudumu hayakuiondoa kanuni ya wazee. Anayeanza atazame mambo matatu. Kwanza, upinde huu una kikomo cha kuvuta. Kikomo hicho kilingane na urefu wa mikono yake mwenyewe, si ya rafiki yake. Pili, aketi kitini na kuuvuta polepole. Ikimbidi kuuinua juu ili auweze, ni mzito mno kwake, achukue mwepesi. Tatu, asiachie uzi kamwe pasipo mshale, maana nguvu isiyochukuliwa na mshale huurudia upinde na kuuvunja. Hata Daudi alizivua silaha za Sauli, kwa kuwa hakuzizoea, akatwaa kombeo lake. Hakuona haya. Tena mwindaji awe na kibali, kama iagizavyo sheria ya uwindaji ya mwaka 1982.

Tuna neno moja zaidi, nalo ni zito. Mwaka 2016 na 2017, katika vita vya Watwa na Waluba hapa Tanganyika, mishale ilipigwa watu. Vijiji viliteketezwa, na maelfu walikimbilia kambi kandokando ya Kalemie. Mti ni uleule, uzi ni uleule. Uliowaletea watoto nyama uliwaua baba zao. Basi tusishangae mama akishtuka hata leo amwonapo kijana na upinde njiani.

Kwa hiyo, ewe kijana, ukiisha kuupima mkono wako, upime na moyo wako. Uliza: Jirani yangu wa kabila lingine aweza kuniona na upinde huu asikimbie? Kama hawezi, haujawa wakati wako wa kuununua. Enenda kwanza ukapatane naye. Na siku utakapoupata, ukirudi porini uutundike mahali pake, kama walivyofanya wafalme, watoto wa mwindaji.