Kutoka Chumba cha Upasuaji hadi Ukutani mwa Stendi

Baadhi ya fedha za mwanzo za kutafuta namna ya kuuamsha moyo uliosimama hazikutoka hospitalini wala serikalini, bali kwa makampuni ya umeme ya Marekani. Miaka ya 1920, nyaya zilipokuwa zikisambazwa kwa kasi, mafundi walikuwa wakifia nguzoni, na wengine walikutwa hawana jeraha lolote la kutisha: umeme ulikuwa umepita kifuani ukauvuruga moyo. Makampuni yakawageukia watafiti, miongoni mwao William Kouwenhoven wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, aliyekuwa mhandisi wa umeme na si tabibu. Tangu 1899 Jean-Louis Prevost na Frédéric Batelli, kule Geneva, walikwisha kuonyesha kwa majaribio juu ya mbwa kwamba umeme uleule unaouvuruga moyo unaweza pia kuurudisha kwenye mwendo wake. Kilichobaki ni kuupata umeme huo kwa kipimo chake, kwa wakati wake na mahali pake. Kipimo kilipatikana baada ya miaka hamsini na ushee. Mahali bado tunapatafuta, na mji wa mpakani kama Tunduma una sababu ya kuuliza swali hilo mapema kuliko miji mingi ya Tanzania.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hata magazeti huyachanganya. Katika shambulio la moyo, mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba. Mgonjwa analalamika kifua kinabana, anatoka jasho, lakini bado anaweza kuongea na kupakiwa kwenye gari. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine. Mara nyingi moyo huanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, damu haisukumwi tena, na mtu huzimika katika sekunde chache. Shambulio la moyo linaweza kumfikisha mtu hapo, ila hata hitilafu ya kuzaliwa nayo inaweza, au nyaya za umeme, au radi, ambayo wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kusimuliwa. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Baada ya dakika kumi huwa imebaki kidogo sana. Kukandamiza kifua kwa mikono hupunguza kasi ya upotevu huo, kwa kuwa damu kidogo hufika kwenye ubongo. Lakini moyo unaotetemeka kwa kawaida haurudi kwenye mapigo yake mpaka ushtuliwe kwa umeme.

Hesabu hiyo ya dakika ndiyo iliyoisukuma mashine ya kuushtua moyo itoke nje ya hospitali, hatua kwa hatua. Mwaka 1947 daktari mpasuaji Claude Beck wa Cleveland alimwokoa mvulana wa miaka 14 ambaye moyo wake ulisimama akiwa juu ya meza ya upasuaji. Alifanikiwa kwa sababu kifua kilikuwa kimekwisha kufunguliwa, akaweza kuugusa moyo wenyewe kwa vyuma vyake. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston aliripoti kuushtua moyo bila kupasua kifua. Timu ya Kouwenhoven ilikuwa ikitengeneza mashine ya namna hiyo, na katika majaribio yao waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: vyuma vya kupitishia umeme vilipokandamizwa kifuani mwa mbwa, shinikizo la damu lilipanda hata kabla umeme haujawashwa. Mwaka 1960 Kouwenhoven na wenzake James Jude na Guy Knickerbocker walichapisha matokeo yao, na ukandamizaji wa kifua unaofundishwa leo duniani kote unatokana na hapo. Kwa hiyo mikono na mashine vilizaliwa katika nyumba moja, na anayedai tuchague kimoja tukiache kingine anapingana na asili ya vyote viwili.

Ikaja enzi ya mashine kupungua uzito. Mwaka 1962 Bernard Lown alitangaza mashine ya umeme wa mkondo mmoja, salama zaidi na rahisi kuendeshwa kwa betri. Januari 1966, mjini Belfast, Frank Pantridge wa Hospitali ya Royal Victoria aliipakia mashine kwenye gari la wagonjwa na kuifuata mitaani mioyo inayosimama, maana aliona wengi hufa kabla ya kufika kwake. Mashine yake ya kwanza ilitumia betri za gari na ilikuwa na kilo 70. Miaka michache baadaye alikuwa na ya kilo 3. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaanza kutengenezwa mashine zinazosoma zenyewe mwenendo wa moyo. Za sasa humwambia mtumiaji kwa sauti abandike wapi, asimame kando lini, akandamize lini. Zikikuta moyo ambao hautafaidika na umeme hukataa kutoa mshtuko, hata mtu abonyeze vipi. Kitaalamu huitwa difibrileta. Ukiiona ukutani ni kisanduku tu chenye alama ya moyo.

Lakini wepesi wa kifaa haukutosha kukipeleka kwa watu, na hapa ndipo historia ina funzo kwa Songwe, mkoa wenye mji wa Tunduma. Mafanikio makubwa ya mwanzo hayakupatikana katika vitongoji vyenye madaktari wengi. Yalipatikana katika nyumba za kamari za Las Vegas. Kati ya 1997 na 1999 walinzi wa nyumba hizo walifundishwa kutumia mashine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika watu 105 walioanguka mioyo ikitetemeka, asilimia 53 walitoka hospitali wakiwa hai. Kwa walioshtuliwa ndani ya dakika tatu, ilikuwa asilimia 74. Sababu si bahati ya kamari. Nyumba hizo zina walinzi kila kona na kamera kila dari, kwa hiyo anayeanguka huonekana hapohapo, na mtu wa kumkimbilia yuko zamu tayari. Viwanja vya ndege vya Chicago vilifuata mwaka 1999, mashine zikiwekwa umbali wa mwendo wa dakika moja au moja na nusu. Katika miaka miwili watu 21 walisimama moyo humo, 18 kati yao kwa mtetemeko ule unaotibika kwa umeme, na 11 wakahuishwa. Kati ya hao 11, sita walishtuliwa na watu ambao hawakuwa na mafunzo wala uzoefu wa kutumia mashine hiyo, ingawa tukubali kwamba watatu kati ya waokoaji hao walikuwa madaktari waliokuwa wakipita.

Tuiweke Tunduma kwenye kipimo hicho. Ni mji wenye wakazi zaidi ya 200,000 kwa sensa ya 2022, lakini sensa haihesabu wanaopita. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam inaishia hapo kwa upande wa Tanzania, reli ya TAZARA inapita hapo kwenda Kapiri Mposhi, na tangu Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, abiria na mizigo ya nchi mbili hukaguliwa chini ya paa moja. Madereva wa malori, wengi wakiwa wanaume wa umri wa kati, hukaa kwenye kiti siku kadhaa, hula chakula cha barabarani, hulala kidogo, kisha husubiri foleni. Wabeba mizigo hufanya kazi ya kutoa jasho mchana kutwa. Na katikati ya watu hao kuna maofisa uhamiaji, forodha, polisi na walinzi wenye sare, zamu kwa zamu. Umati, macho yanayoona, na mtu mwenye wajibu wa kuwapo: masharti matatu yaliyofanya kazi Las Vegas na Chicago yapo mpakani, na yapo kwa kiasi fulani stesheni na stendi. Kwa maoni yangu, mashine ya kwanza ya umma katika mkoa huu isiwekwe ofisini kwa mganga mkuu. Iwekwe kwenye ukumbi wa abiria wa kituo cha mpaka.

Pingamizi la kwanza ni zito. Mkoa ulioanzishwa 2016, wenye watu milioni 1.3, una malaria, una vifo vya uzazi, una ajali za barabarani. Kwa nini fedha ziende kwenye ugonjwa wa dakika kumi? Anayepinga ana hata takwimu ya kushika mkononi. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa 2004 ulifundisha watu wa kujitolea katika maeneo karibu 1,000. Waliofundishwa kukandamiza tu waliokoa watu 15, na waliopewa pia mashine waliokoa 30. Ni mara mbili, lakini kwa maeneo mengi kiasi hicho ni watu wachache. Mimi naisoma takwimu hiyo kama onyo dhidi ya kutawanya mashine kila ofisi ili kiongozi apige picha. Haipingi kuweka tatu au nne mahali palipochaguliwa. Mashine moja huuzwa kwa dola elfu moja hadi elfu mbili hivi, na nne za namna hiyo hazifikii bei ya gari moja la wagonjwa. Tena fedha hizo si lazima zitoke kwenye fungu la chandarua, kwa kuwa mpaka huingiza mapato yake na wasafirishaji wana maslahi ya moja kwa moja kwa afya ya madereva wao.

Pingamizi la pili: tuseme moyo umerudi, mgonjwa anapelekwa wapi? Lingeulizwa mwaka 2009, jibu lingekuwa gumu, maana idara ya kwanza kamili ya magonjwa ya dharura nchini ilifunguliwa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2010. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaja 2015, na fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilijenga idara za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi mikoani. Kutoka Tunduma, hospitali ya mkoa iko Vwawa, zaidi ya kilomita 30, na ya kanda iko Mbeya, takriban kilomita 100. Ni mbali, na foleni haisaidii. Hata hivyo nchi imekwisha kujifunza kusafirisha mgonjwa bila kungoja gari lenye king'ora. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kusambazwa nchini kuanzia 2022, humwita dereva wa kawaida wa jirani kwa namba ya bure 115 pale gari la wagonjwa linapokosekana, naye hulipwa kwa simu. Ulitengenezwa kwa ajili ya mama na mtoto mchanga. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuufungia hapo. Na mtu ambaye moyo wake unapiga anaweza kusafirishwa hadi Vwawa. Ambaye haupigi, umbali hauna maana kwake tena.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli: sehemu kubwa ya watu husimama moyo nyumbani, si stesheni. Mashine ya mpakani haitamfikia mzee wa Ileje, mkoani humuhumu, aliyeanguka shambani kwake. Hapo inabaki mikono, na Denmark imeonyesha mikono hupatikanaje. Nchi hiyo iliingiza mafunzo hayo shuleni na kuyafanya sharti la leseni ya udereva. Kati ya 2001 na 2010 idadi ya walioanguka nje ya hospitali wakakandamizwa kifua na wapita njia ilipanda kutoka asilimia 21 hadi karibu 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Sisemi tuige Denmark kwa kila kitu. Lakini leseni ya udereva ni mlango ambao Tunduma inaufahamu vizuri: dereva wa lori, utingo anayesubiri leseni yake, kijana wa bodaboda, wote wanaupitia, na baadaye wanarudi vijijini kwao na ujuzi huo. Wengine watasema watu wetu wanaogopa kumgusa aliyeanguka wasije wakaulizwa polisi. Woga huo upo na una sababu zake. Wamarekani nao walikuwa nao, ndiyo maana sheria yao ya mwaka 2000 ilimkinga anayetumia mashine kwa nia njema. Kifungu cha namna hiyo hakigharimu kitu zaidi ya karatasi na uamuzi wa Bunge.

Baridi ya Tunduma inaondoa hofu ya betri kuharibiwa na joto. Wizi hupungua kisanduku kikiwa mbele ya mlinzi na king'ora kikilia mlango wake unapofunguliwa. Kinachobaki ni matunzo, na hapo mtungi wa kuzimia moto umetutangulia. Nao ulikuwa kitu kigeni ukutani, nao sheria ilibidi iulazimishe, na mpaka leo si ajabu kuukuta mahali umening'inia tarehe yake ikiwa imepita. Mashine ya kushtua moyo ina betri ya miaka minne au mitano na vibandiko vya miaka miwili hivi, pamoja na taa ndogo inayoonyesha kama iko tayari. Mtu wa kuitazama taa hiyo lazima ajulikane kwa cheo kabla mashine haijanunuliwa, na vibandiko vya pili viwekwe kwenye bajeti ileile ya vile vya kwanza. Askari wa Zimamoto na Uokoaji tayari huingia kwenye majengo ya umma kukagua mitungi. Kuongezewa mstari mmoja kwenye fomu yao ni kazi ndogo kuliko kuunda kamati mpya.