Vinara vya Dhahabu vya Versailles

Mwaka 1689 vita vilikuwa vimeikausha hazina ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Akaamuru samani zake za fedha tupu, meza, vinara na hata vyungu vya michungwa, ziyeyushwe zigeuzwe sarafu. Ilipatikana fedha ya takriban tani 20. Ukumbi wa Vioo katika kasri la Versailles, uliokuwa umekamilika miaka mitano tu kabla ya hapo, ukavuliwa mapambo yake. Lakini giza halimngoji mfalme apate pesa. Vikaletwa vinara virefu vya kusimama sakafuni, vya mbao iliyopakwa dhahabu.

Vinara ninavyovifuatia mimi ni wajukuu wa hivyo. Tarehe 16 Mei 1770 mjukuu wa Louis XV, kijana wa miaka 15, alifunga ndoa na Marie Antoinette wa Austria, binti wa miaka 14. Kwa ajili ya harusi hiyo ukumbi uliagiziwa vinara vipya, kazi ya wachongaji kadhaa, wakiwamo Pierre-Edme Babel na Toussaint Foliot: sanamu za wanawake na watoto, juu yao matawi ya kristali ya kushikia mishumaa. Siku yenyewe mvua ya radi iliharibu mambo bustanini, fataki zikaahirishwa. Ndani, mishumaa iliwaka bila wasiwasi.

Ladha nayo ilikuwa imegeuka. Huko Italia, Herculaneum ilianza kufukuliwa mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748, miji iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Mafundi wa Paris wakaanza kuchoshwa na mapambo ya kujipindapinda na makombe ya baharini, wakayageukia ya Wagiriki na Warumi: nguzo zenye mifuo, mashada ya majani, vichwa vya kondoo dume.

Utamu wa kazi hii uko kwenye upakaji. Dhahabu haikubandikwa juu ya mti mtupu. Fundi alianza na unga wa chaki uliochanganywa na gundi ya ngozi, akaupaka tabaka juu ya tabaka, mara nyingi kumi na zaidi. Tabaka hizo zilifukia nakshi, kwa hiyo ilibidi zichongwe upya kwa vyuma vidogo. Ukafuata udongo laini mwekundu, na juu ya udongo huo jani la dhahabu, jembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Halishikwi kwa vidole. Huokotwa kwa brashi pana ya manyoya ya kindi, ambayo fundi huipitisha kwanza shavuni mwake ili ipate mafuta kidogo. Mwishoni, sehemu alizozichagua alizisugua kwa jiwe la akiki mpaka zing'ae, nyingine akaziacha zimefifia.

Alifanya hivyo kwa makusudi. Mwanga wa mshumaa hutikisika. Pale palipong'arishwa huurudisha, palipofifia huunyamazisha, na shavu la mtoto wa mbao huonekana kama lina uhai. Ukutani kulikuwa na vioo 357 vya kuuzidisha mwanga huo. Wanaosema dhahabu hii ilikuwa majivuno matupu wameona nusu tu ya jambo. Majivuno yalikuwepo, tena tele, lakini dhahabu ilikuwa sehemu ya taa.

Na taa yenyewe ilikuwa ghali. Maskini waliwasha mishumaa ya mafuta ya wanyama, yenye moshi na harufu. Kasri lilitaka nta ya nyuki. Vipande vilivyobaki havikutupwa: watumishi walikuwa na haki ya kuvichukua na kuviuza, marupurupu ambayo hawakukubali kunyang'anywa.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, samani za kasri zilinadiwa kuanzia Agosti 1793 hadi Agosti 1794, mafungu zaidi ya 17,000, zikatawanyika. Ukumbi ukabaki, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuujua. Hapo ndipo Dola ya Ujerumani ilipotangazwa tarehe 18 Januari 1871, na hapo ndipo, tarehe 28 Juni 1919, wajumbe wa Ujerumani walipotia saini mkataba uliowapokonya makoloni, Tanganyika, Rwanda na Burundi zikiwamo.

Vinara unavyovikuta ukumbini leo, vingi ni nakala zilizofuata vile vya 1770. Umeme hauvitendei haki: huvimwagia mwanga uliotulia, usiochagua, na kazi yote ya jiwe la akiki inapotea. Ukibahatika kufika, nenda Desemba, saa za mwisho kabla ya kufunga. Madirisha yote 17 yanatazama magharibi, na jua la jioni huingia limelala. Usiende Jumatatu tu. Siku hiyo kasri halifunguliwi.